Lenzi ya 18-55 na mbu wa mikorosho: inafika wapi na inaishia wapi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa ugani katika kata moja wilayani Newala. Nimenunua kamera ya Canon iliyotumika, ya megapikseli 18, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Nataka kupiga picha za karibu za mikorosho: maua yaliyoshambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, wadudu waitwao mbu wa mikorosho, na sisimizi wa maji moto wanaowawinda wadudu hao, ili niwaonyeshe wakulima mikutanoni. Tatizo ni kwamba nikisogea karibu, kamera inakataa kufokasi. Lenzi inahangaika kwenda na kurudi, na kitufe hakipigi. Nimeweka alama ya ua kwenye gurudumu la juu, sikuona tofauti. Muuza kamera mmoja ameniambia lenzi hii haifai kabisa, ninunue lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ambayo bei yake inazidi niliyotoa kwa kamera nzima. Mwingine anasema niongeze zumu tu. Je, ni kweli lenzi hii haiwezi? Na kama haiwezi, nianze na kifaa gani cha bei nafuu?"

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba umetaja hasa unachotaka kukipiga picha, kwa sababu swali la namna hii halijibiki mpaka mtu ajue kitu chenyewe kina ukubwa gani. Lenzi yako inaweza zaidi ya alivyokuambia muuza kamera, na inaweza kidogo kuliko anavyodhani yule aliyekushauri kuongeza zumu. Kwa shada la maua, kwa jani lililopakaa ubwiriunga na kwa korosho iliyo bado mtini, lenzi ya kutosha unayo tayari. Kwa mbu wa mikorosho utahitaji msaada, lakini msaada huo si lazima uwe lenzi ya makro.

Alama ya ua kwenye gurudumu imewapotosha wengi, na si kosa lao. Katika zile kamera ndogo ambazo lenzi yake haifunguki, alama hiyo huiruhusu lenzi kufokasi karibu zaidi kuliko kawaida. Katika kamera yako, ambayo lenzi hufungwa na kufunguliwa, alama hiyo haigusi vioo vya lenzi hata kidogo. Inachagua tu mipangilio ya mwanga na rangi ambayo kiwanda kimeona inafaa kwa maua. Ukisogea karibu kupita kiasi, lenzi itakataa vilevile.

Kukataa huko si ubovu. Kitu kinapokuwa mbali, taswira yake huangukia karibu na nyuma ya lenzi. Kadiri kitu kinavyosogea karibu, ndivyo taswira inavyoangukia mbali zaidi nyuma, na ili iendelee kutua juu ya kihisi cha kamera, yaani kibamba kinachopokea picha, inabidi vioo visogee mbele. Unapoona lenzi ikirefuka wakati wa kufokasi, hicho ndicho inachokifanya. Lakini ndani ya lenzi mna njia yenye mwisho. Vioo vikifika mwisho wa njia hiyo, haviendi tena, na kamera hubaki ikitafuta fokasi ambayo haipo. Kwa lenzi za Canon za 18-55 za aina yako, mwisho huo ni sentimita 25.

Hapa watu wengi hupima vibaya. Sentimita hizo 25 hazihesabiwi kuanzia mdomo wa lenzi, bali kuanzia kihisi kilichomo ndani ya kamera. Tazama juu ya kamera yako, utaona alama ndogo ya duara lililokatwa na mstari. Hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Ukiondoa unene wa kamera na urefu wa lenzi, kati ya mdomo wa lenzi na ua hubaki sentimita kumi na kidogo tu. Kwa hiyo unaweza kusogea karibu kuliko ulivyodhani, na pengine umekuwa ukirudi nyuma mapema, au umekuwa ukisogea sana kwa tofauti ya vidole viwili.

Ushauri wa kuongeza zumu una ukweli ndani yake, ila mwenzako hakuumalizia. Katika lenzi yako umbali wa karibu kabisa ni uleule sentimita 25, uwe umeiweka kwenye 18 au kwenye 55 (ni milimita za urefu wa fokasi: 18 huonyesha eneo pana, 55 huvuta kitu). Kwa kuwa umbali haubadiliki, 55 ndiyo itakayokuonyesha kitu kikubwa zaidi. Ukipiga kwa 18 utapata ua dogo katikati, shamba zima nyuma yake, na mara nyingi kivuli cha lenzi yako mwenyewe juu ya ua. Zungusha zumu hadi 55, kisha usiiguse tena. Kinachofuata ni kusogea wewe na kamera yako.

Sasa tuje kwenye kipimo chenye maana kuliko vyote katika kazi hii, nacho ni ukuzaji, yaani uwiano kati ya ukubwa wa taswira juu ya kihisi na ukubwa wa kitu chenyewe. Lenzi ya makro ya kweli hufikia uwiano wa 1:1: mdudu wa milimita 8 huchukua milimita 8 juu ya kihisi. Lenzi yako hufikia takriban 0.34, yaani theluthi moja. Kihisi chako kina upana wa milimita 22.3, kwa hiyo eneo dogo kabisa unaloweza kulijaza kwenye picha lina upana wa milimita 65 hivi na kimo cha milimita 44. Usiniamini kwa maneno tu. Laza rula ya shule mezani, weka swichi ya lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono), zungusha pete ya fokasi hadi mwisho wa karibu, zumu ikiwa 55, kisha sogeza kamera yote mbele na nyuma mpaka mistari ya rula ionekane wazi. Piga, halafu hesabu milimita zinazoonekana toka ukingo hadi ukingo. Gawa 22.3 kwa hesabu hiyo, utapata ukuzaji wa lenzi yako wewe, si wa kwenye karatasi. Ikiwa lenzi yako ni toleo lililoandikwa STM, pete hiyo huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo kamera iwe imewashwa na kitufe kimebonyezwa nusu. Ikiwa si STM, usiizungushe pete kwa nguvu wakati swichi iko kwenye AF (fokasi ya otomatiki), kwani meno ya ndani ni ya plastiki na huumia.

Tukiutumia ukuzaji huo shambani, mambo yanajieleza. Picha ya megapikseli 18 ina upana wa pikseli 5184. Korosho yenye ganda, ya urefu wa milimita 30, itachukua pikseli kama 2,370, ambazo zinatosha kwa bango, kwa projekta na kwa kijitabu. Shada la maua lenyewe ni kubwa kuliko eneo la picha, hivyo itabidi urudi nyuma. Unga mweupe wa ubwiriunga juu ya vichipukizi na maua utaonekana vizuri, hata ukikata picha na kubakisha robo yake. Mbu wa mikorosho ndiye anayekushinda. Urefu wake haufiki sentimita moja. Mdudu wa milimita 8 atapata pikseli 630 hivi. Mkulima atamtambua kwa umbo, akiwa na miguu na vipapasio vyake virefu, na picha hiyo itafaa kutumwa kwa simu. Lakini ule mwiba mdogo wenye kirungu kama kichwa cha pini unaosimama mgongoni mwake, ambao ndio unaomtofautisha waziwazi na wadudu wengine wanaofanana naye, hutaupata kwa usafi wa kuuonyesha ukutani. Hapo ndipo lenzi yako inapoishia.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha unaitumia theluthi hiyo vizuri, maana picha nyingi za karibu huharibiwa na mambo mengine kabisa. La kwanza ni kina cha fokasi. Ukiwa kwenye ukuzaji wa 0.34 na tundu la lenzi f/8 (namba ya f ikipanda, tundu hupungua), sehemu inayoonekana kali kutoka mbele kwenda nyuma haizidi milimita nne. Kwa f/11 ni kama milimita tano. Ua moja tu la mkorosho linaweza kuzidi hapo. Kwa hiyo achana na mazoea ya kufungua tundu lote ili nyuma kuwe na ukungu. Kwa umbali huu ukungu utaupata hata usipoutafuta. Anza na f/8 au f/11. Usivuke f/16, kwa sababu mwanga unaopenya tundu dogo mno hutawanyika na kuifanya picha yote iwe laini. Kisha panga kamera ili uso wa kihisi uwe sambamba na kile unachotaka kukionyesha. Jani lilipigwe likiwa limekabili lenzi, si kwa kuliinamia, nawe utakuwa umezitumia zile milimita chache pale zinapohitajika.

La pili ni mtikisiko. Lenzi inayokuza kitu hukuza pia mtetemeko wa mkono, na kile kitulizaji kilichomo ndani ya lenzi hakisaidii sana kwa karibu kama kinavyosaidia kwa mbali. Tumia stendi ya kamera ukiwa nayo, na uweke kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise kamera. Bila stendi, kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, ipandishe hadi 400 au 800 bila wasiwasi. Chembechembe kidogo kwenye picha ni afadhali kuliko picha iliyotikisika. Washa kioo cha nyuma, kuza picha yake mara tano au kumi, na uache fokasi ya otomatiki ipumzike. Pete ikiwa imetulia mwisho wake, kamera ndiyo inayosogezwa, milimita kwa milimita, mpaka sehemu unayoitaka ikae sawa.

Tatizo lako kubwa zaidi huko kwenye uwanda wa Makonde litakuwa upepo. Mikorosho inachanua wakati kusi kinavuma, na shada la maua likiyumba sentimita moja tu limeshatoka kwenye fokasi na kurudi mara kadhaa. Amka mapema, saa moja hadi saa tatu asubuhi mara nyingi huwa kumetulia, na mwanga huwa laini. Chomeka mti ardhini kando ya tawi, kisha ulishike tawi na mti huo kwa kibanio cha nguo. Kazi hiyo ifanye polepole kwenye matawi yenye viota vya maji moto, kwa sababu tawi likitikisika watakushukia, na kamera itakutoka mkononi kabla hujajua.

Flashi ya juu ya kamera iache imefungwa. Kwa umbali wa sentimita kumi, lenzi yenyewe huizuia, na nusu ya chini ya picha hubaki na kivuli cheusi. Jua kali la mchana nalo si rafiki. Kwa latitudo yetu hupita utosini karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 21 Februari, na mwezi wa Oktoba ndio korosho nyingi zinapokomaa. Mtu mmoja akushikie kipande cha shuka jeupe juu ya tawi, nawe uweke karatasi nyeupe chini yake ili irudishe mwanga upande wa kivuli. Kifaa hicho hakina gharama, na hubadilisha picha kuliko vifaa vingi vinavyouzwa.

Ukishayafanya hayo na bado unamtaka mbu wa mikorosho akiwa mkubwa, zipo njia za kuongeza ukuzaji bila kubadilisha lenzi.

Njia ninayoipendekeza kwako kwanza ni filta ya kukuzia, yaani kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kama filta nyingine. Lenzi yako ina uzi wa milimita 58. Thibitisha kwa kusoma namba iliyoandikwa mdomoni au ndani ya kifuniko chake. Nguvu ya filta hizi hupimwa kwa dayopta, kipimo kinachoandikwa kwa alama ya +. Yenye +4 huleta fokasi sentimita 25 mbele yake hata lenzi ikiwa imewekwa kwa vitu vya mbali, na lenzi ikiwekwa mwisho wa karibu, ukuzaji wako hupanda hadi karibu 0.6. Haili mwanga, haigusi umeme wa kamera, na huifungi wala kuifungua lenzi shambani. Ubaya wake unategemea ubora. Zile za bei ndogo zinazouzwa kwa seti ya +1, +2, +4 na +10 ni kioo kimoja tu, na pembeni mwa picha huacha utepe wa zambarau na kijani pamoja na ukungu. Ile +10 usiitarajie sana. Zilizotengenezwa kwa vioo viwili vilivyogandishwa pamoja ili kusahihisha rangi ni bora mno, na ni ghali zaidi, ingawa bado ziko mbali na bei ya lenzi ya makro. Ukipata fedha ya kununua moja tu, nunua moja nzuri badala ya seti.

Filta hiyo ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Lenzi ya Canon ya 55-250, ambayo hupatikana sana ikiwa imetumika, nayo ina uzi wa milimita 58. Ukifunga filta ya +2 mbele yake na kuiweka kwenye 250, unapata ukuzaji wa 0.5 ukiwa nusu mita kutoka kwa mdudu. Kwa mdudu mwepesi wa kuruka, nusu mita hiyo ina thamani kubwa. Kama kuna mwenzako mwenye lenzi hiyo, iazime siku moja kabla ya kuamua lolote.

Njia nyingine ni mapete ya kurefushia, yanayokaa kati ya kamera na lenzi. Hayana kioo ndani. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbele kuliko njia yake ya ndani inavyoruhusu. Hesabu yake ni rahisi: gawa urefu wa pete kwa urefu wa fokasi ya lenzi. Pete ya milimita 12 kwenye 55 huongeza 0.22, na ya milimita 25 huongeza 0.45, hivyo ukafikia karibu 0.8, na mbu wako akapata pikseli karibu 1,500. Kwa kuwa hakuna kioo cha ziada, pembe za picha haziharibiki kama kwa filta duni. Lakini yana masharti. Kwa 18 pete ya milimita 25 haifai kabisa, kwani fokasi huangukia ndani ya lenzi yenyewe. Mwanga hupungua, kina cha fokasi hushuka hadi chini ya milimita moja kwa f/8, na mdomo wa lenzi utakuwa karibu sana na mdudu. Nunua yenye viunganishi vya umeme, na uhakikishe yanakubali lenzi za EF-S, ambayo ndiyo aina ya lenzi yako, kwa sababu mengine ya zamani yalitengenezwa kwa EF pekee. Yale ya bei ya chini kabisa yasiyo na viunganishi huiacha lenzi ya Canon na tundu lililo wazi lote, na kwa picha za karibu hilo ni pigo.

Ipo pia pete ya kugeuzia lenzi, inayokuwezesha kuifunga kinyumenyume. Ni ya bei ndogo kuliko zote na hukuza sana, hasa ukiwa kwenye 18. Kwa kazi yako sikushauri. Tundu halidhibitiki, sehemu laini ya nyuma ya lenzi hubaki wazi kwa vumbi, na mdudu inabidi awe sentimita chache tu kutoka kwenye kioo.

Kuhusu lenzi ya makro, muuza kamera hakukudanganya aliposema ni bora. Ni kali pembe hadi pembe, hufikia ukuzaji wa 1:1 bila kufunga na kufungua chochote, na ile ya milimita 100 hukupa nafasi ya kutosha kati yako na mdudu. Ikiwa picha za wadudu zitakuwa kazi yako ya miaka, weka akiba uinunue. Ikiwa unahitaji picha chache safi za kufundishia msimu huu, fedha hiyo ina matumizi mengine nyumbani. Wala usiidharau simu yako, kama ni ya miaka ya karibuni. Kwa taarifa ya haraka ya jani au shada, mara nyingi inatosha.

Neno la tahadhari kuhusu vumbi. Wakati wakulima wanapuliza salfa, dawa ya unga ya ubwiriunga, kwa mabomba, usifungue lenzi wala usifunge pete shambani. Unga ule huingia kila mahali, nawe hupaswi kusimama ndani ya wingu lake. Funga unachohitaji ukiwa nyumbani. Hewa yetu ya pwani nayo huotesha ukungu ndani ya vioo, kwa hiyo kamera isikae miezi ndani ya begi la ngozi. Itoe, itumie, na uiweke na vifuko vya kukausha unyevu.

Kuna wakati ambapo maandishi hayatoshi. Ikiwa lenzi inashindwa kufokasi hata kitu kilicho mita moja au mbili, ikiwa inakwaruza inapozunguka, au ukiiangaza kwa tochi ukaona nyuzi kama za utando wa buibui ndani, mpelekee fundi wa kamera aione mkononi, hata kama ni kwa safari ya Dar es Salaam, na usiifungue mwenyewe. Kabla ya kulipia filta au pete, ifunge kwenye kamera yako hapohapo dukani na upige rula. Na kwa kuwa picha zako zitatumika kuwashauri wakulima, weka rula ndogo pembeni ya kila mdudu unayempiga ili ukubwa wake ujulikane, na pale usipokuwa na hakika ni mdudu gani au ni ugonjwa gani, chukua picha hiyo pamoja na tawi lenyewe uwapelekee watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kituo cha Naliendele hapa Mtwara, wathibitishe kabla hujatangaza mkutanoni.